Lozi Katika Wali wa Maziwa

Mie roho yangu ilikuwa mbaya, na nasema mwenyewe kabla hajanisemea mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na nane, sijaolewa, nimekaa kwa mama yangu mjini Ibra, na kila harusi ikipita mtaani kichwa kilikuwa kinaniuma. Tulitoka Unguja, tukaja Omani miaka ya sabini inaanza, na Kiswahili chetu na mbuzi zetu za kukunia nazi, nchi isiyo na nazi ya kukuna. Kaka yangu alikuja baada yetu, kutoka Uswidi alikokwenda kusoma, na alikuja na mke.

Wifi yangu alikuwa mwanamke mrefu, mpole, kasilimu kwa moyo wake, anasali na anafunga kutushinda sisi. Mama alimpokea kwa udi na ambari mbele za watu, na nyuma ya mlango akaanza kulitazama tumbo lake. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya. Wa tano Mama akasema khalas, mwanawe hafi bila ya mtoto kwa ajili ya Mzungu. Akamtaka binti wa ami yetu, waliokuwa wanakaa Nizwa. Kaka akakubali, akaomba jambo moja tu: amwambie mkewe mwenyewe, kwa wakati wake.

Wakati wake haukufika. Alikuwa anafanya kazi Sur, anakuja Alkhamisi na Ijumaa, na kila wiki akija alikuwa anakula, analala, anaondoka, mdomo kaufunga. Wanaume wetu ndivyo walivyo. Wanavuka bahari kusoma, halafu wanaogopa kusema na mke chumbani.

Wiki nzima basi tulikuwa mie na wifi. Mie ndiye niliyemfunza Kiswahili, kwa kuwa Kiarabu cha majirani kilimshinda, na nyumbani kwetu hakikusemwa kingine. Alijifunza jikoni, na ndiyo maana alijua majina ya sufuria zote kabla hajajua kuuliza njia.

Shita, majira ya baridi, ikiingia ndipo alipokuwa anachangamka. Sie tunajifunika mashali, tunakohoa, Mama anasogeza mkaa miguuni, yeye yuko uani na kanzu nyepesi anasema leo hewa nzuri. Alinambia kwao majira hayo jua linazama saa tisa mchana. Watu wanaweka mshumaa dirishani ili anayepita kwenye theluji ajue ndani mna mtu. Watoto wanarudi kucheza na soksi za mikono zimerowa, zinaanikwa ndani, na nyumba nzima inanuka sufu mbichi. Kuna asubuhi msichana anavishwa nguo nyeupe na mishumaa inayowaka kichwani, anapita na kahawa na mikate ya zafarani. Mama aliposikia hilo alisema astaghfirullah, watamuunguza mtoto wa watu.

Alipika pia. Alipika biskuti nyembamba za tangawizi, mdalasini na karafuu, na Mama akasema kumbe karafuu zetu tulikuwa tunazichuma ili Wazungu wazile na chai. Alipika mikate ya iliki, tukaipalia moto juu na chini kwa kuwa hatukuwa na joko, na ikatoka na harufu ya maandazi yetu hasa. Mama alikula minne. Halafu akasema maandazi gani haya hayajaona mafuta.

Kubwa lao lilikuwa wali wa maziwa. Wanaupika polepole mpaka unakuwa mzito, wanaunyunyizia mdalasini, na ndani wanaficha lozi moja tu. Kila mtu anapewa bakuli lake. Atakayelikuta lozi, mwaka huo ataoa au ataolewa. Ndiyo maana haupakuliwi kwenye sinia, maana kwenye sinia kila mkono unachimba na lozi halina mwenyewe. Nilikwenda kumhadithia Mama, na nilimhadithia kwa kucheka. Yeye hakucheka. Alifikiri kidogo, akanambia wiki ijayo mke wa ami na bintiye wanakuja kututembelea, basi mwambie wifi yako apike huo wali wake, na lozi alipate yule binti.

Nilimuuliza kwa nini tusimwambie tu kwa mdomo. Akasema kaka yako miezi miwili kashindwa, mie simo, acha jambo lijiseme lenyewe. Kisha akanikumbusha kwamba ami ana mtoto wa kiume pia, na mke wake ameshasema akimtoa binti kwetu, haoni vibaya na sie tukitoa wetu. Wetu ni mie. Sikumuuliza tena.

Siku ya wageni kaka alituma salamu kutoka Sur kwamba kazi zimemzidi, wiki hii haji. Wifi alisikitika, alitaka naye ale. Alisimama jikoni tangu baada ya adhuhuri, anakoroga, anaimba kwa lugha yake, na alikuwa na furaha mpaka nikawa simtazami usoni. Wageni kwake ilikuwa heshima. Alidhani tumeanza kumuona mtu.

Alipomaliza kupakua alinivuta mkono. Mabakuli yalikuwa matano, ya buluu, aliyokuja nayo kwao, na moja lilikuwa limemeguka ukingoni. Hilo siku zote nilikuwa nachukua mie. Akanambia kwa sauti ndogo kwamba kwao ni haramu kufanya anachokifanya, lozi halichaguliwi mtu, lakini yeye kaliweka kwenye bakuli langu. "Mwaka huu uolewe wewe," akasema. "Nimekuombea mpaka kwenye sala."

Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye hakuijua methali hiyo, sikuwahi kumfunza.

Nilibeba sinia la mabakuli kutoka jikoni kwenda chumba cha wageni, na uani hapakuwa na mtu. Nikalitua juu ya pipa la maji. Nikatia kidole kwenye bakuli langu, nikalitafuta lozi, nikalitoa, nikalizamisha kwenye bakuli jengine na juu nikasawazisha mdalasini. Halafu nikaramba kidole. Wali ulikuwa mtamu, na hilo nalo nalikumbuka.

Tukakaa, wanawake watano: Mama, mke wa ami, bintiye, wifi na mie. Alasiri, mlango wazi, jua limeingia mpaka kwenye busati. Wifi akawaeleza wageni desturi yenyewe, taratibu, kwa Kiswahili chetu, na mke wa ami akatikisa kichwa akasema mashaallah anavyosema vizuri. Tukala. Wifi alikuwa ananitazama mie, anatabasamu, anangoja.

Yule binti akasita, akatoa lozi mdomoni, akaliweka kiganjani. Alikuwa na miaka kumi na minane na aliona haya kikweli. Yeye sina la kumlaumu.

Wifi alinitupia jicho, haelewi. Halafu, kwa kuwa alikuwa na adabu kuliko sisi sote, akapiga makofi. Akainuka akaleta zawadi ya mshindi, shali la sufu jekundu alilofuma mwenyewe, na shali lile nilikuwa nimemuona akilipima mabegani kwangu. Akamvisha binti wa ami. Akamshika mikono, akacheka.

"Haya, tuambie," akasema. "Bwana harusi nani?"

Binti akainama. Mke wa ami akajishughulisha na kijiko. Mie nilitazama busati.

"Mumeo," Mama akasema. "Mwezi wa Shaabani, inshallah."

Alifahamu. Niliomba asifahamu, nikaomba neno limpite, lakini nilikuwa nimemfunza vizuri mno. Alikaa chini polepole, akanigeukia mie, si Mama.

"Ulijua?"

Na mie, Mwenyezi Mungu anisamehe, ndoa mbili zimekaa kifuani mwangu, ya kaka na yangu, nikamjibu:

"Kula, wali unapoa."

Akala. Huo ndio ukatili ambao mpaka leo siwezi kuuhadithia nikatulia: alikula bakuli zima mbele yetu, kijiko baada ya kijiko. Kisha akakusanya vyombo, akaviosha.

Kaka alikuja wiki iliyofuata, akakaa naye chumbani, akatoka macho mekundu, akasema mkewe anataka kwenda kwao. Hakumzuia. Mtoto wa kiume wa ami hakunioa. Aliposa kwa watu wengine hukohuko Nizwa kabla Shaabani haijafika, na mama yake akasema mambo ya vijana wa siku hizi. Mie niliolewa miaka sita baadaye, na mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye watoto watano.

Siku ya kuondoka, gari lilikuwa nje, kaka kashika usukani, safari ya kupitia Bidbid mpaka uwanja wa ndege. Mama alisimama ndani ya mlango, kajifunika. Wifi alimbusu mkono. Halafu akanijia mie pale penye gari. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi lau angenitukana. Akaniinamia sikioni.

"Nilikaa hapa kwa ajili yako," akasema. "Kaka yako nilishamchoka zamani."

Akaingia, akafunga mlango, hakugeuka. Nilisimama mpaka vumbi likatua. Mama akaniita, akaniuliza kasema nini yule.

"Kasema kwaheri," nikamwambia.