Kioo cha Harusi Kwenye Mpera

Jamani, hii habari nikiisimulia uso unaniwaka, lakini majirani zangu wa Misunkumilo watawaambia tu na wataongeza chumvi, kwa hiyo acha niiseme mwenyewe: nilimwonea mtu wivu wa dirisha, tena wivu wa kukosa usingizi, na nikaaibika mbele ya mama mkwe na ng'ombe.

Dirisha lenyewe ni la Mama Shija, mke wa mdogo wake mume wangu, tunapakana naye. Walipojenga waliweka dirisha pana la kioo, na juu ya sebule wakachanganya bati moja la plastiki linalopitisha jua, basi mchana ndani mwake hata sindano ikidondoka unaiona, wakati kwangu (mume wangu aliogopa wezi, akaweka vidirisha vya kupita paka) saa tatu asubuhi mgeni anapapasa kochi kabla hajakaa. Sasa mama mkwe wetu, tunamwita Mayu, akija kutoka Inyonga baada ya mavuno anapenda kufuma vitambaa, na macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo anafikia wapi? Kwa Mama Shija. Kila mwaka! Mimi ndiye mke wa mwanawe mkubwa, mimi ndiye niliyemuuguza, halafu nakaa jikoni nasikia vicheko kule na "Mayu, sogea kwenye mwanga," moyo unanichemka mpaka mboga naiunguza.

Mwaka huu nikaapa: atafikia kwangu na atalala kwangu. Asubuhi ya siku anayokuja nikatoa nje kioo changu cha harusi (kirefu, kinanifika kidevuni) nikifute vumbi, jua likakipiga, mwanga ukaruka ukaingia mlangoni mpaka kwenye kochi la mwisho, nikaona hadi utando wa buibui ambao sikujua ninao. Nikasema haya, Mama Shija, leo utanikoma. Nikakiegemeza kwenye mpera ulio ng'ambo ya kinjia kinachopita mbele ya nyumba, nikakielekeza mlangoni.

Mayu akafika, nikamkalisha kwenye ule mwanga, akatoa uzi wake, akashangaa, "Eeh, mwanangu, leo kwako kumekucha!" Na Mama Shija alikuwepo, kaja kumsalimia kupitia mlango wa uani, kasikia kila neno. Nilijisikia raha, siwafichi.

Kumbe jua nalo linatembea. Kidogo tu mwanga ukamhama Mayu ukapanda ukutani, nikatoka mbio, nikakisogeza kioo, nikarudi nahema. Ukahama tena, nikatoka tena. Nikawa natoka na kuingia mpaka Mayu akaweka uzi chini: "Mwanangu, tumbo linakuendesha?"

Mimi, ili siri yangu isijulikane, nikajibu ndiyo, Mayu, tangu asubuhi. Mbele ya Mama Shija!

"Pole, dada," Mama Shija akainuka, "ngoja nikachume majani ya mpera nikuchemshie."

Mpera! Nikachomoka, nikampita pale mlangoni (mgonjwa wa tumbo gani anakimbia vile?), nikakikumbatia kioo nikijaribu kukifunika kwa khanga niliyojifunga, na khanga ikanaswa kwenye tawi, nikabaki na gauni la ndani. Na muda ule ndio ng'ombe wa jirani yetu mfugaji hupita kwenye kinjia kile kwenda kunywa maji. Nalijua hilo miaka yote. Wivu ulinisahaulisha.

Dume lao jeusi likasimama. Likaona dume jingine jeusi ndani ya kioo, tena limenikaribia mimi. Likachimba vumbi kwa kwato, na lile jingine likachimba. Mchungaji akapiga kelele, "Mama! Geuza kioo! Linataka kupigana!" Mimi nikazidi kukikumbatia. Mama Shija akanivuta kwa nguvu tukaanguka wote kwenye nyasi, na dume likaingia kichwa kichwa. Paa! Kioo cha harusi yangu chote chini, na dume linazunguka mpera kumtafuta adui yake.

Watu wakajaa. Mayu akatoka akaona vioo, akaniona na gauni la ndani, na pale sebuleni giza limerudi, akaelewa kila kitu. Akacheka mpaka akakaa kizingitini. "Limejionea wivu lenyewe," akasema, akaniangalia. Halafu akapoa. "Mwanangu, mwanga wote huu wa Mungu hapa nje, si ungenitolea kigoda tu?"

Na kigoda chenyewe kingewekwa wapi, uwanja mzima umejaa vipande vya kioo? Mchana huohuo Mayu akahamia kwa Mama Shija.

Tangu siku ile nimekoma kubishana na jua, na kitu chochote kinachong'aa hakitoki tena nje ya nyumba yangu. Lakini wivu, nisiwadanganye, haujaisha. Mama Shija alinifunga khanga yangu, akafagia vile vipande vyote mpaka chini ya mpera, ndipo akabeba begi la Mayu. Hakunicheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, maana angenicheka, walau ningepata sababu ya kumchukia.