Shangazi wa angani agomea orodha

Saa tatu kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na nane anaingia katika chumba kisicho na dirisha, kuta zote zimefunikwa magodoro, naye ana sufuria tupu kwapani. Anavaa visikizio, anashika mwiko, anaanza kumgombeza kaka yake kwa sababu roketi imepitiliza sayari waliyotakiwa kushuka.

Kaka mwenyewe hayupo. Mbele yake kuna kipaza sauti, karatasi na fundi sauti aliyeketi nyuma ya kioo.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Shangazi tu. Jina hilo alilipata katika kichekesho cha televisheni alichokicheza miaka kumi na moja, akiwa dada wa baba mwenye nyumba, aliyekuja kusalimia kwa siku mbili na asiondoke. Kilipokwisha, kampuni ikakigeuza katuni: familia ileile, makochi yaleyale, ila nyumba sasa inaelea angani, miaka mia tatu ijayo. Shangazi bado hajaaga.

"Nilifurahi kupita kiasi," anasema. "Mtu wa katuni hazeeki. Nikajua hapa nitakula mpaka uzeeni."

Furaha hiyo imeingia doa. Miezi miwili iliyopita, baada ya kumaliza sehemu yake, alipewa orodha ya maneno mia nne yasiyohusiana: rangi, miezi, matunda, namba. Mwishoni aliombwa acheke kwa namna kumi na alie kwa namna sita. Mwongozaji alimwambia wanapima mitambo. Alisoma yote, lakini machale yakamcheza. Mitambo gani inayopimwa kwa kilio?

Jibu anaamini alilipata kwake, akitazama kipindi cha tisa na wajukuu. Mwigizaji anayemcheza kaka yake alirekodi vipindi vitatu tu, kisha kiharusi kikamnyang'anya usemi. Katika vipindi vilivyofuata, baba huyo wa katuni alilazwa usingizi wa safari ndefu. Katika cha tisa aliamka, akapiga porojo kipindi kizima. Shangazi anaamini aliyesema ni mashine iliyofundishwa kuiga sauti ya mgonjwa kwa orodha kama ile.

Mwongozaji anasema hayo ni maneno ya akiba. Alipoulizwa na gazeti hili yalirekodiwa lini, alianza kueleza rangi za katuni zinavyochaguliwa.

Shangazi akafunga safari hadi kwa mgonjwa. Mkewe, ambaye tangu enzi za kichekesho huitana naye wifi, alimthibitishia kuwa mumewe naye aliwahi kusoma orodha. Ila mke huyo hakulalamika. Kipindi cha tisa kilikuwa kwenye simu yake, na alikisikiliza kila alipopika.

"Wifi, usiniharibie," alimwambia. "Ndiyo sauti pekee niliyobaki nayo."

Hatimaye walikubaliana wamsikilizishe mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa alisikia sauti yake ikitania, ikicheka, ikiimba. Akanyoosha mkono wake uliobaki mzima, akaizima simu.

Wifi alilia. Shangazi anakiri kuwa naye alilia, na si kwa namna yoyote kati ya zile sita.

Leo, kazi ya asubuhi ikiisha, anapewa orodha ya pili. Anaisoma bila kubisha, lakini kila neno analisindikiza na pigo la mwiko kwenye sufuria. Fundi sauti anamwomba aiweke chini. Shangazi anamjibu kwa upole kwamba miaka yote hiyo hajawahi kugomba mikono mitupu, hawezi kuanza sasa. Baada ya maneno thelathini yenye kishindo, fundi anazima mitambo na kwenda kumwita mwongozaji. Huenda anamhurumia, huenda anakwenda kumshtaki. Shangazi hamwamini hata yeye.

Mkataba wake unaisha mwezi ujao. Kipindi kimoja humlipia kodi ya mwezi mzima, na hana kazi nyingine. Hata hivyo ameandika sentensi moja anayotaka iongezwe: sauti yake isitumike asipokuwapo. Wakikataa, hatasaini.

Ana ombi lingine, ambalo hajaliandika popote. Kaka yake anafanya mazoezi ya kuongea, na wiki iliyopita alifanikiwa kutamka neno moja.

"Anasema 'maji'," anaeleza Shangazi. "Basi wamlete hapa, huko angani aombe maji. Mimi nitamgombeza kwa hilo neno moja kipindi kizima, na watu watacheka."

Mlango unafunguliwa. Mwongozaji ameingia, na mkononi ana orodha ya tatu.