Nilimwonea aibu mzee kumpa fomu asaini, nimeondolewa saiti Rungwa

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi, na mpaka naandika hapa kichwa bado hakijatulia.

Nilikuwa msimamizi wa ujenzi wa jengo la kuchujia asali, mali ya kikundi cha wafugaji nyuki huku Rungwa.

Bosi wangu wa Singida mjini alinipa fomu za mabadiliko. Kitu chochote kikibadilika kwenye ramani, kiandikwe, mwenyekiti wa kikundi asaini, injinia apitishe, ndipo tujenge.

Mwenyekiti ni mzee mwenye heshima zake. Siku moja akaja, kuta zimeshasimama. Shikamoo, marahaba.

"Mwanangu, tupate na mlango hapa nyuma kwenye kona, masega yaingie moja kwa moja yakitoka porini."

Fomu ninayo kwenye begi. Lakini mzee ametamka mwenyewe, halafu mimi nimtolee kalamu? Nimekulia Misigiri, huko kumsainisha mzee kwa jambo alilolisema ni kumwambia humwamini.

Nikajibu, "Sawa mzee." Mafundi wakatoboa siku hiyohiyo.

Sasa wakuu, kona ile ndiyo iliyobeba tanki la maji. Mimi nilijua. Nikajipa moyo kwamba ukuta ni mnene, utahimili.

Tulipojaza tanki, ufa ukashuka kutoka juu mpaka sakafuni. Jengo likafungwa. Msimu wa kurina ndio huu, kikundi kizima hakina pa kuchujia.

Bosi akadai fomu. Nikamkimbilia mzee, nikamwomba asaini kwa tarehe ya nyuma.

Akavaa miwani, akasoma yote taratibu. Akasaini, ila tarehe akaweka ya siku hiyo anayosaini, si ya nyuma.

"Kumbe injinia alikuwepo wa kuulizwa? Mimi najua nyuki, mwanangu. Ukuta nilikutegemea wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimeondolewa saiti. Kuna saa namkasirikia mzee kwa ile tarehe, kuna saa najionea aibu. Mwenzenu nilidhani namheshimu.

Nilichojifunza: mabadiliko yaandikwe kabla nyundo haijagusa ukuta, hata aliyeomba awe nani.

Mzee bado ananipigia kunijulia hali. Mimi ndiye nashindwa kupokea.

Wenye uzoefu wa saiti za vijijini, mngemwambiaje mzee yule? Nipigeni hata mawe, nasoma yote.