Hedifoni Nzito za Gulioni

Mtu akiniuliza hedifoni nzuri ya kuchezea gemu inachaguliwaje, namjibu haraka kwamba asiniulize mimi. Watu hudhani natania, kwa sababu wanajua niliwahi kuwa na banda la gemu pale Same, hatua chache kutoka stendi ya mabasi, wakati wengi wao walikuwa hawajaiona gemu hata kwa macho. Ni kweli nilikuwa nalo. Ni kweli pia kwamba nilijua kuchagua hedifoni kuliko kijana yeyote wa mji ule. Ujuzi huo ndio ulioniponza, na hadi leo nikiukumbuka natamani kujizaba kibao.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, madukani vitu vimejaa na mifukoni hamna kitu. Jana tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, leo sabuni za kila rangi zinatutazama tu kutoka rafuni. Mashirika yalikuwa yanauzwa, mashamba yanauzwa, na watu wanapunguzwa kazini kwa barua ya mistari mitatu. Baba yangu alipata barua yake. Alikuwa amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini katika shamba la mkonge huko tambarare, na miaka yote hiyo alikuwa kwenye korona, ile mashine kubwa ya kuchakata mkonge, akilisha majani upande huu na nyuzi zikitoka upande ule. Kelele za korona huzisikii kwa masikio peke yake, unazisikia hadi kwenye meno. Shamba lilipopata mmiliki mpya, baba alirudi nyumbani na godoro, sufuria mbili na masikio yaliyokufa.

Sisemi kwamba alisikia kwa shida. Hakusikia kabisa. Ukisimama nyuma yake ukagonga sufuria kwa mwiko, hageuki. Hospitali walimmulika masikioni kwa tochi, wakasema huko ndani kumekwisha, wakampa pole na kumwita mgonjwa mwingine.

Kwanza alikwenda kukaa kwetu Myamba, alikokuwa mama na shamba lake la tangawizi. Lakini kule mlimani watu husalimiana kutoka mbali. Mtu yuko ng'ambo ya bonde na jembe lake begani, anakuamkia kwa sauti, nawe unaitika kwa sauti. Asiyeitika ana kiburi, au ana kisa na wewe. Baba hakuitika, wakaanza kusema kwamba kazi ya bondeni imempa majivuno. Alipogundua wanavyomsema, aliamua kuitikia kila mdomo uliotikisika mbele yake. Mtu anauliza njia ya kwenda gulioni, baba anasema, "Marahaba." Mtu anamwambia mbuzi wa jirani wameingia kwenye maharage yake, baba anasema, "Marahaba." Ikawa kichekesho cha kijiji kizima. Mama hakuweza kuvumilia, akaniletea ujumbe kwamba nimchukue mjini, ambako hakuna anayemjua wa kumcheka.

Nilimchukua. Nikajifunza kusimama mbele yake, kumtazama usoni na kusema polepole, naye akajifunza kunisoma midomo. Ni mimi peke yangu ambaye hakuniitikia marahaba ovyo. Jambo hilo nilijivunia kuliko banda langu.

Na banda lenyewe halikuwa la kujivunia sana: chumba cha mbele cha nyumba tulimopanga, televisheni moja, mashine moja ya gemu niliyouziwa na mtu aliyekuwa anahamia Arusha, na benchi mbili. Gemu ilikuwa ya mpira. Wateja walikuwa makondakta wasio na zamu na vijana waliokuwa wanangoja maisha yaanze. Walipiga kelele, televisheni ikapiga kelele, na mwenye nyumba, mzee mstaafu aliyeishi chumba cha nyuma, akaja kuniambia nichague moja, makelele au chumba. Ndipo nikanunua hedifoni ya kwanza kutoka kwa machinga wa stendi. Ilikuwa ndogo, ina utepe mwembamba wa bati wa kupita juu ya kichwa na sponji mbili nyeusi zilizokwisha kuchanika. Ukiichomeka ubavuni mwa televisheni, chumba kinanyamaza. Tukaweka sheria kwamba aliyefunga goli ndiye anayeivaa, mpaka mwenzake afunge.

Mchana mmoja wateja waliondoka kukimbilia basi lililoingia, wakaiacha hedifoni juu ya benchi ikiwa imefunguliwa sauti hadi mwisho. Baba aliiokota akaivaa. Nadhani alifanya mzaha, maana alikuwa akiwaiga vijana walivyokaa. Kisha akaacha kutabasamu.

"Watu!" alisema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Nasikia watu!"

Walikuwa mashabiki wa kwenye gemu, ule mvumo wa uwanja mzima unaorudiarudia. Nilimwuliza wanasema nini. Akanisoma midomo, akasikiliza tena, akasema hasikii maneno, ila ni watu wengi na wako mbali, kama watu wa ng'ambo ya bonde. Machozi yalinitoka pale pale, na sikuona haya.

Tangu siku hiyo kila alasiri, kabla wateja hawajaja, nilimwashia mechi inayojichezea yenyewe, nikapandisha sauti hadi mwisho na kumvika hedifoni. Alikaa karibu na televisheni mikono ikiwa magotini. Wale mashabiki aliwaita watu wake. "Niwekee watu wangu," alikuwa akisema, akiwa amenyoosha mkono. Siku moja nilimkuta anawaitikia taratibu, "Marahaba, marahaba," na nikatoka nje nikajifanya nafagia.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini nilianza kuwaza kwamba ikiwa hedifoni ya ovyo namna ile imemletea uwanja wa watu, iliyo nzuri itamletea mtu mmoja. Nilitaka asikie sauti yangu. Fundi redio wa karibu na soko aliniambia inawezekana kujaribu: nipate hedifoni yenye nguvu, yeye ataunganisha kipaza sauti na amplifaya yake, nami niseme ndani ya kichwa cha baba. Nilikuwa nimeshachagua hata neno la kwanza. Ningemwamkia shikamoo, ili kwa mara moja aitikie salamu aliyoisikia.

Basi nikawa mwanafunzi wa hedifoni. Nilijifunza kushika waya pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio na kuuzungusha, maana hapo ndipo unapokatikia. Nilijifunza kubonyeza sponji nione kama inarudi. Kikombe kinatakiwa kulifunika sikio zima, kisilikalie. Vijana wa banda nao walinifundisha kwamba hedifoni ya kweli ya gemu, ukiivaa, dunia ya nje inafungwa: husikii kondakta, husikii mvua, unausikia mchezo peke yake. Na juu ya yote hayo kulikuwa na kipimo chetu cha miaka ile, uzito. Tulikuwa tumeumwa mno na vitu feki: pasi nyepesi iliyoungua siku ya kwanza, redio nyepesi iliyokuwa tupu ndani. Kwa hiyo Same nzima tulikuwa tunanunua kwa kupima mkononi, hata kalamu. Kitu kikiwa kizito tunatikisa kichwa kwa heshima na kusema hii ni orijino.

Madukani nilizunguka nikaambulia vitu vya kitoto. Kisha siku ya gulio nikamkuta muuza mtumba mmoja, mgeni, amemwaga bidhaa zake juu ya turubai kando ya barabara kuu. Vilikuwa vitu vya viwandani, mabuti, helmeti, glovu za mkono mmoja mmoja. Katikati yake kulikuwa na hedifoni ambayo sijapata kuiona: vikombe viwili vikubwa vya rangi ya chungwa, sponji nene, utepe wa chuma wa kichwani uliofunikwa ngozi. Niliinyanyua na mkono ukashuka kwa uzito.

"Waya wake uko wapi?" nilimwuliza.

"Dada, hizo waya wake ni wa kuchomoa," alisema. "Ulipotelea kwenye robota. Mpelekee fundi, ni kazi ya dakika tano."

Niliivaa. Sijui nielezeje. Malori ya barabara kuu yalinyamaza. Honi zilinyamaza, wamama wa nyanya wakawa wanafungua midomo bila sauti, na muuzaji akaendelea kunisifia bidhaa yake nisisikie neno. Dunia ilifungwa kabisa, kama vijana walivyonifundisha, na hata waya haukuwepo! Nikajiambia, ikiwa haijaunganishwa iko hivi, ikiunganishwa itakuwaje?

Yule mtu alikuwa ameiona hedifoni yangu ndogo shingoni, niliyoichukua kwa ajili ya kulinganisha. Alisema anaitaka, asikilizie redio yake akiwa anangoja wateja. Tukabadilishana papo hapo, nikamwongezea kidogo, na nikaondoka mbio nikihofia atajuta. Nilijiona mjanja kuliko wote waliokuja gulioni siku hiyo.

Fundi alivigeuza vile vikombe mara mbili. Akachukua bisibisi, akabandua sponji ya kulia, akatoa godoro jingine la sponji, na nyuma yake akakuta plastiki tupu. Akabandua ya kushoto. Kulikuwa hivyo hivyo.

"Dada," alisema, "humu hamna spika. Humu hamjawahi kuwa na spika."

"Labda zimeibiwa."

"Hamna hata tundu la waya. Hii si ya kusikilizia." Aliirudishia sponji zake taratibu, kama mtu anayemfunika maiti, akanikabidhi bila kudai chochote.

Nilikimbia hadi barabara kuu. Turubai halikuwepo. Mama wa nyanya aliniambia mgeni amepanda basi la kwenda Korogwe, na alikuwa amevaa kitu masikioni, anatikisa kichwa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeificha hedifoni ndani ya kanga. Baba alikuwa anachambua maharage ya makande kwenye sinia. Aliona ninavyoshika kanga, akaivuta, akaifunua. Aliigeuza kwa namna ambayo mimi wala fundi hatukuigeuza, kwa mikono iliyokuwa inaifahamu.

"Hii ni ya injinia," alisema kwa nguvu.

Nilitikisa kichwa, sikumwelewa.

"Vizibo vya masikio. Injinia alikuwa navyo, vya rangi hii hii. Vilining'inia kwenye msumari mlangoni mwa karakana. Akitaka kuingia kwenye korona anavivaa, anatazama mashine, anatoka, anavirudisha msumarini. Sisi tulikuwa tunaziba kwa nyuzi za mkonge. Nyapara akiziona anazichomoa, anasema hatutasikia kengele." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa sponji. "Tulikwenda ofisini kuomba. Nilikwenda mimi na wenzangu wawili, bado nasikia vizuri wakati huo. Tukaambiwa vimeagizwa ng'ambo, tuvute subira. Tukavuta. Kila mwaka tukiuliza, vimeagizwa."

Alivivaa. Vilimkaa vizuri ajabu, kana kwamba alipimwa. Akasikiliza, uso wake ukiwa mtulivu, kisha akanitazama.

"Kumbe hawakudanganya," alisema. "Vimefika."

Sikujua kama anatania. Baba alikuwa mtu wa utani, lakini hakucheka, nami sikuthubutu kucheka. Nilikaa chini karibu na sinia la maharage nikahisi hasira ambayo sikuwa na wa kumpa. Injinia alikuwa ameshakwenda kwao, ofisi imeshauzwa, na mgeni wa mtumba alikuwa njiani Korogwe na watu wa baba yangu masikioni. Niliyebaki nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepeleka kitu pekee alichokisikia duniani nikakibadilisha na kitu cha kumzuia asisikie, na nilikuwa nimekichagua kwa makini.

Alivivua, akatafuta msumari ukutani, akavitundika. Kisha akapangusa mikono kwenye suruali na kutazama jua mlangoni, akaona ni alasiri. Alivuta kiti chake hadi karibu na televisheni, akakaa, akanyoosha mkono.

"Niwekee watu wangu," alisema.

Nilisimama mbele yake. Nilitakiwa kumtazama usoni na kusema polepole, kama tulivyozoea, lakini usoni sikuweza kumtazama. Niliinamisha kichwa nikasema haraka haraka, kwa midomo iliyotetemeka, kwamba hawapo, kwamba nimewapoteza, kwamba anisamehe.

Mkono wake ulibaki umenyooshwa. Aliitazama midomo yangu hadi iliponyamaza.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."