Kijani cha Bi Chumvi

Wanasema kizuri chajiuza. Aliyesema hivyo hakuwahi kuuza mbao. Mbao za Bi Chumvi zilikuwa nzuri, nazo zilikaa uani zikila vumbi huku wateja wakizipita kama msiba usiowahusu.

Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya dawa yake ya mbao, unga mweupe ambao ukiutazama utadhani chumvi ya jikoni. Aliuchemsha kwenye tangi, akalaza mbao humo mpaka dawa ifike kwenye moyo wa mti. Wadudu hawakuzigusa, na fundi aliweza kuzipiga randa bila kukohoa. Hilo la kukohoa lilikuwa donda lake. Mumewe alifanya kazi na dawa ya zamani, ile ya kijani yenye sumu, mikono ikambabuka, kifua kikamziba, akazikwa angali kijana. Mjane aliapa kwamba sumu ile haitavuka tena kizingiti cha watu wake.

Lakini wateja walitaka kijani. "Mama, mbao nyeupe pee namna hii, nitajuaje kama zimetiwa dawa?" Akieleza, wanacheka. Akiwadondoshea kwenye mbao manjano ya mchuzi yaliyochanganywa na spiriti na tindikali kidogo, ambayo hugeuka mekundu penye dawa, wanasema mazingaombwe. Mwishowe akachoka, akatia rangi ya vitambaa kwenye tangi pamoja na dawa. Rangi tu, haizuii hata mdudu mmoja. Mbao zikatoka kijani, wateja wakazigombania. Alicheka peke yake, maskini, akidhani amewaweza.

Magoti yalipoanza kumsumbua, tangi akamwachia mdogo wake, wa tumbo moja. Mbao za paa la binti wa Bi Chumvi zilitoka humohumo.

Siku binti alipomwita, unga wa mbao zilizobunguliwa ulikuwa ukidondokea kitanda cha mtoto. Bi Chumvi alikata kipande, akadondoshea manjano yake, akangoja. Yalibaki vilevile. Hasira ilimpanda mpaka akasahau magoti, akaenda uani kwa miguu.

"Hukutia dawa," alimwambia mdogo wake.

"Dada, dawa inataka wiki nzima, rangi inataka mchana mmoja. Tena nani aliwahi kununua dawa hapa? Wananunua kijani. Wewe ndiye uliyewazoesha."

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile aliishona Bi Chumvi mwenyewe.

Alirudi kwa binti yake. "Mwanangu, nitakutengenezea mbao nyingine kwa mikono yangu. Nyeupe, bila rangi."

Binti alikuwa akikung'uta shuka. "Nitajuaje kama zimetiwa dawa?"

"Nitakupimia kwa manjano, uone yakigeuka mekundu."

"Rangi tena, mama?"

Mume wa binti alikuwa ameshaagiza mbao kwingine, na papo hapo lori likaingia kinyumenyume mpaka mlangoni. Kabla hata hazijashushwa, Bi Chumvi aliijua harufu. Ndiyo iliyokuwa kwenye mashati ya marehemu, haikutoka hata kwa kuchemshwa.

"Hizi zinaua, mwanangu. Baba yako—"

"Najua, mama. Lakini paa halitaniangukia."

Mbao zilipangwa ukutani, bado mbichi kwa dawa. Mjukuu, aliyekuwa ndiyo kwanza ajifunze kutembea, alizifuata akazipapasa, kisha akamwonyesha bibi viganja vyake vya kijani, akicheka. Bi Chumvi alimbeba mpaka bombani, akamsugua mikono kwa sabuni, akasugua tena, mpaka mtoto akalia.