Kikohozi cha Baba kwenye Njia ya Uyole

Bwana Maendeleo, ofisa wa serikali aliyesimamia gazeti letu, aliponiambia niandike jinsi mke wangu anavyomkimbia baba yangu, nilipaswa kukataa. Nilijibu, "Ndiyo, Bwana," nikaketi kwenye taipu.

Kazi ile niliianzia Iringa, miaka ya hamsini, nilipotoka sekondari. Gazeti letu la wilaya lilikuwa kurasa chache tu. Tulipiga taipu juu ya karatasi ya nta, herufi zikaitoboa, kisha tukaifunga kwenye mashine ya kudurufu na kuzungusha mkono wake, wino ukapenya matunduni. Ukikosea, uliziba kosa kwa dawa nyekundu, ukapiga upya. Siku ya kwanza nilimpelekea Karani Mkuu, Mhehe mpole aliyependa kusoma akiwa amesimama, makala ndefu ya mambo ya dunia. Alisoma mstari mmoja, akanirudishia.

"Kijana, msomaji wako ni mama aliyebandika maji ya ugali. Mwambie neno kabla hayajachemka."

Hivyo nikapewa safu ya kuzungumzia lolote: nyota iliyotengenezwa na watu ikazunguka angani, matope ya masika, na kwa nini maharage huchelewa kuiva huku milimani kuliko pwani. Kwa hiyo ya maharage, mtu mmoja wa Nyololo alituma salamu kwamba sasa ameacha kumlaumu mkewe.

Baadaye nilihamishiwa gazeti la Mbeya. Nilikaa Uyole na mke wangu, Tusajigwe, na binti yetu wa kwanza, Ambwene. Kwetu Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala hatamki jina lake. Baba alipotoka Rungwe kutusalimu, alikohoa akiwa bado mbali njiani. Tusajigwe aliingia jikoni na kuvuta mlango. Baba aliketi barazani, akampakata Ambwene ambaye hata kusema alikuwa hajui, na mazungumzo yakapitia kwake.

"Ambwene, mwambie mama yako, maharage haya yameiva hata meno yangu yamepewa likizo."

Sauti ikatoka jikoni: "Ambwene, mwambie babu yamechemka tangu alfajiri. Na baba yako aandike hilo, aache kusingizia milima!"

Baba alicheka mpaka mtoto akashtuka. Alipoaga aliacha mkungu wa ndizi karibu na jiko, akaenda akikohoa, ili Tusajigwe ajue sasa anaweza kutoka.

Nilisimulia hayo ofisini wakati wa chai, kwa mzaha. Bwana Maendeleo, Mzungu kijana aliyetaka gazeti lichekeshe, alipiga meza.

"Andika hiyo! Watu waone mila inavyowachelewesha."

Nikaandika kwamba mke wangu akisikia kikohozi cha mzee huruka kama aliyesikia simba. Ile karatasi ya nta ilikaa mezani kutwa nzima, dawa nyekundu kando yake. Sikuigusa. Nilipenda kusifiwa.

Gazeti lilisomwa kwa sauti sokoni Uyole. Tusajigwe alipokwenda kununua chumvi, wanaume wakaanza kukohoa.

"Kho! Kho! Mama Ambwene, ruka, simba huyo!"

Alirudi na kikapu kitupu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Baba Ambwene, na yeye wamemsomea?"

Baba walikuwa wamemsomea, nje ya kanisa, watu wakimtazama. Baada ya hapo alikuja mara moja tu. Hakukohoa. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaniita.

"Mwanangu, kukohoa kule kulikuwa heshima yangu kwa mkeo. Sasa nikikohoa, watamcheka. Nisipokohoa, nitamkuta uwanjani. Nije vipi?"

Nikamwambia ilikuwa amri ya mkubwa. Aliweka mkungu wa ndizi chini, akarudi alikotoka.

Niliandika miaka mingi hadi nikastaafu, na mengi niliyoandika nimeyasahau. Wewe unayeandika leo, mkubwa akikwambia umletee kicheko cha nyumbani kwako, kumbuka kwamba yeye atahamishwa na wewe utabaki na watu wako. Yule wangu alihamishwa mwaka uliofuata.

Baba aliishi muda mrefu baada ya siku ile, mwenye afya, na hakuja tena nyumbani kwangu. Tusajigwe aliendelea kuchemsha maharage tangu alfajiri, kwa mazoea. Wanangu waliozaliwa baada ya Ambwene hawakuwahi kupakatwa na babu yao.