Jiko Nililomjengea Mama Bila Kumuuliza

Nakumbuka siku moja mama yangu alipika uji nje kwenye manyunyu ya mvua, huku jiko jipya nililomjengea likikaa ndani bila moto. Siku hiyo imenirudia, mwanangu, tangu uliponipigia simu kutoka Kitengela ukilalamika kwamba mama yako ameufunika kwa leso ule mtungi wa gesi uliomnunulia, na bado anapuliza kuni. Umesema ni ukaidi. Tulia kwanza nikusimulie ukaidi wangu mimi.

Nilikuwa kijana, nimetoka kufundishwa kujenga majiko ya udongo yenye bomba la moshi, na kichwa kimenivimba. Nilirudi kwetu, ng'ambo ya Isinya, nikamkuta mama anakohoa, macho mekundu. Niliogopa atapofuka. Basi alipoenda sokoni, niling'oa mafiga yake matatu, nikayatupa nje, nikajenga jiko hapo hapo. Unajua kwetu nyumba huijenga mwanamke kwa mikono yake, na moto ni wake. Hata baba haugusi.

Mama alirudi, akatazama. Aliokota mafiga yake akayapanga nje. Kwa siku nyingi alipika huko, upepo ukimrudishia moshi usoni, na kikohozi kikazidi. Mimi nikanuna. Nikamwendea shangazi yangu, dada ya baba, kumwambia kwamba mama hana shukrani.

"Ulimuuliza?" akasema shangazi.

"Nimuulize nini? Si anaumizwa na moshi?"

"Anaumia, ndiyo. Lakini hiyo moto ni ya nani? Enda uketi na yeye, unyamaze, uangalie vile anapika."

Nilienda na aibu yangu, nikaketi kando ya moto wake. Mama akacheka, hakuwahi kuweza kuninunia kwa muda mrefu.

"Sikatai jiko yako," akaniambia. "Lakini umeijenga ndefu, na mimi napika nikiwa nimeketi. Na kijinga ya kusafisha vibuyu nitatoa wapi, kama mdomo ya hii jiko haiingii hata mkono?"

Maziwa ya vibuyu hivyo, vinavyosuguliwa ndani kwa kijinga cha moto ili yakae na yanukie, nimeyanywa tangu utotoni. Wala sikuwahi kujiuliza kijinga kinatoka wapi.

Nililibomoa. Tukajenga lingine, yeye akikanda udongo, mimi nikipima kimo cha kigoda chake. Moshi ukapanda bombani, kikohozi kikapungua. Lakini jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafifia, na halikurudi. Mpaka leo najiuliza kama ni zile siku nilizonuna ndizo zilizolimaliza, na inaniuma.

Kwa hivyo acha kumgombeza mama yako kwa simu. Njoo Jumamosi hii, uketi jikoni kwake. Muulize anaogopa nini. Labda anahofia mtungi utalipuka. Labda sufuria inateleza akisonga ugali, na hiyo ni kazi ya fundi wa vyuma kumtengenezea kishikio. Ashike kiberiti yeye mwenyewe, awashe, azime, mpaka mkono uzoee. Gesi ni nzuri na moshi unaharibu, kwa hivyo usichelewe. Ila anza kwa kumuuliza.

Enkai, Mungu wetu, akuzidishie siku na huyo mama, mtazamane usoni miaka mingi bila moshi katikati.